Mheshimiwa Aliyehutubia Simu

Dada Time,

Pokea salamu kutoka kwenye mvua isiyokwisha ya Uingereza. Leo nilimpeleka mwanao Maryam bungeni, kusikiliza mjadala wa wageni wanaofanya kazi ya kutunza wazee, kama afanyavyo yeye, iwapo waruhusiwe kuleta watoto wao.

Unakumbuka Baba akitufasiria mijadala ya bunge hili redioni kwa sauti ya chini, majirani wasisikie? Waingereza wale walikuwa mafedhuli, lakini wakijibizana. Leo mheshimiwa mmoja kabweka kwamba watu hawa wanataka kuhamishia ukoo mzima hapa, kisha akainama kwenye simu yake, akatoka.

"Mjomba, mbona anaondoka?" Maryam akaninong'oneza. "Hajajibiwa."

"Hakuja kujibiwa. Kaja kurekodiwa."

Aliyesimama kumjibu alikuwa mpumbavu wa namna ileile, anatazama kamera tu. Na hawa ndio watu walionifundisha nidhamu ya hoja!

Watoto wamekataliwa. Kwa hiyo usikigawe kitanda cha Rukia, binti yake Maryam. Mjukuu wako bado ni wako. Mpakate, mwambie mama yake anampenda. Wewe nakwambia ukweli: Maryam alilia, lakini alingoja tupande basi kwanza, wasimwone.

Mungu akuweke, dada yangu.

Nduguyo, Seif