Jina la Mke: Bado

Jumanne, 4 Machi

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo baba. Na mama mfikishie shikamoo yake, uniulizie goti linaendeleaje. Macho yako je? Au bado unatengeneza saa za watu bila miwani? Sisi hatujambo kabisa. Wiki ya tatu sasa nasema "sisi" na ulimi haujachoka.

Najua simu huisikii vizuri, ndiyo maana naandika. Baba, nina raha mpaka naona haya. Mkweo anarudi kutoka kuchora vibao vya maduka, vidole vina rangi ya bluu, ananishika shavu, nami kesho yake nashinda na alama ya bluu shavuni kazini kwa makusudi.

Sasa sikia kisa. Jana tulikwenda kuchukua cheti cha ndoa. Kumbe siku ile wakati wa kujaza karatasi, karani alimuuliza mkweo, "Jina la mke?" Naye akajibu, "Bado." Karani akamwambia hakuna haraka, lakini asichelewe, wazuri wanakwisha. Cheti kimetoka: jina la mume lipo, pa jina la mke pako wazi. Baba, mume wangu kaoa nafasi tupu. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kutuchungulia.

Lakini nilipofika nyumbani sikucheka tena. Nilikumbuka shuleni, mwalimu akiita jina langu darasa zima linaitikia, "Basi tumsubiri." Na pale kliniki, kwenye meza ya kupimia watoto uzito, kazi yangu ni kuandika kadi. Wiki hii nimemwandika Foleni, ambaye mama yake alikuwa wa saba kwenye mstari na mtoto hakutaka kungoja. Nimemwandika Zamu, aliyezaliwa wauguzi wakipokezana. Nimewaandika mapacha Asante na Tena: baba yao aliposhukuru kwa wa kwanza, mkunga akamwambia, "Tena." Kila mama akinisimulia jina la mwanawe uso unang'aa. Mimi hadithi yangu ni kwamba baba alisimama dirishani pa kuandikisha watoto hana jina, akasema bado, na karani akaandika hivyo hivyo.

Na mtoto ambaye hajapewa jina, kadi yake tunaiandika "bado" kwa penseli, lije kufutwa. Yaani kila siku nafuta jina langu kwa raba.

Kwa kuwa cheti kitaandikwa upya, nataka kubadili jina. Nimechagua Johari. Fomu hii niliyoiweka humu inahitaji sahihi ya mzazi aliyekwenda kuniandikisha, ndiyo wewe. Irudi kabla ya Ijumaa ya tarehe 28. Usihuzunike, baba. Sikulaumu hata kidogo.

Ni mimi,
Binti yako

Ijumaa, 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini ukimya wako ni wa kazi, si wa homa. Kama ni hasira, niambie tu, mimi nimeshazoea kusubiriwa na kusubiri.

Mkweo nimemwonyesha jina jipya. Amelisifu, lakini amesema Johari ni herufi sita, na lile la zamani alikuwa ameshalipangia mahali juu ya mlango, herufi nne tu, rangi kidogo. Nikamuuliza kwani hulionei aibu? Akasema, "Nataka kila nikirudi niulize moyoni kama bado unanipenda, na jibu liwe mlangoni." Baba, niliunguza mboga.

Hata hivyo nataka hiyo sahihi. Tarehe 28 inakaribia.

Binti yako

Jumatano, 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mama yako linajua mvua kabla ya redio. Miwani nimenunua, naisahau nyumbani.

Sina hasira. Nilichelewa kwa sababu ilibidi nimwombe mama yako ruhusa, na yeye alitaka siku nane za kulia na kucheka.

Ulizaliwa miezi haijatimia, kilo moja na robo. Ulikuwa ndani ya kisanduku cha joto, sisi tunakutazama kwa kioo. Kila asubuhi mama mmoja mfagiaji alikuwa akipita pale, anamuuliza mama yako kwa sauti ya chini, "Bado?" Hakuwa na ubaya. Wadogo kama wewe walikuwa hawakai, naye alitaka kujua kama tayari umeondoka. Mama yako anamjibu, "Bado." Siku ya kwanza alijibu akitetemeka. Siku ya tano akajibu kwa kiburi. Siku ya kumi na mbili ulitolewa kwenye kisanduku ukawekwa kifuani kwake. Mfagiaji alipopita, mama yako hakungoja kuulizwa. Alimwita kwa sauti wodi nzima ikasikia: "Bado yupo."

Nikaenda dirishani. Karani akauliza jina, nikasema, "Bado." Akasema nikilipata nirudi. Nikamwambia ninalo, andika: B, A, D, O. Nilimtajia herufi moja moja, mwanangu. Hakuna aliyekosea.

Mama yako hakutaka ukue ukijua kwamba watu walikuwa wakikungojea uondoke. Tukaona afadhali uwe na baba mjinga. Ujinga huo nimeubeba miaka ishirini na nne na haukuwahi kunielemea.

Fomu hii hapa, nimetia sahihi. Johari ni jina zuri. Uamuzi ni wako, na utakaloandika nitakuitikia.

Mama yako anauliza kama kuna habari yoyote ya mjukuu.

Baba yako

Ijumaa, 28 Machi

Kwa baba na mama,

Shikamooni wazazi wangu. Mimi mzima, macho tu yamevimba, nanyi mnajua nani kayavimbisha.

Barua niliisoma kwenye meza ya mizani. Mbele yangu alikuwapo mama na kichanga cha kilo mbili kasoro, hajakipa jina. Nilishika penseli niandike kama kawaida, mkono ukakataa. Nikamwachia nafasi wazi.

Leo asubuhi tulikwenda dirishani, fomu yako mkobani. Karani akatukumbuka. "Haya, jina la mke limepatikana?" Mkweo akafungua mdomo, nikamkanyaga. Nikajibu mwenyewe: B, A, D, O. Karani akasema wino hautafutika, nina hakika? Nikamwambia piga mhuri.

Fomu ninairudisha. Itunzeni, ina sahihi ya baba asiye mjinga.

Kuhusu mjukuu, mwambie mama: bado. Lakini akisikia neno hilo asisikitike, yeye ndiye aliyelifundisha kazi nyingine.

Mlango wetu una rangi mbichi, tunaingia kwa ubavu.

Ni wenu bado,
Bado