Kaburi Tulilochimba kwa Ajili ya Filamu

Jumanne, Mbinga mjini. Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Saa hizi ni jioni na bado nimevaa koti ndani ya nyumba. Moyo wangu hauko sawa.

Simu kutoka Mbaha, kule ziwani, iliita mara tatu kabla sijapata ujasiri wa kupokea. Nilijua ni Kolumba, binti wa Mzee Otmari, yule mzee aliyeigiza kama mhusika mkuu kwenye filamu yangu. Nilijua pia kwamba watu wa ziwani hawapigi mara tatu mfululizo kwa ajili ya salamu.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwani kila kitu kimevurugika.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye soko la filamu, mara yangu ya kwanza. Wengi mnaosoma blogu hii mlidhani nimekwenda kwenye tamasha. Si tamasha, hakuna zulia jekundu wala tuzo. Ni ukumbi wenye meza nyingi, na kila meza ina mtu anayetafuta filamu ya kununua: wa televisheni, wa mitandaoni, hata wa kampuni za ndege zinazowaonyesha abiria sinema huko angani. Unavaa kitambulisho shingoni, unapewa ratiba, na kila mkutano ni dakika ishirini. Unakaa, unaeleza hadithi yako, unaonyesha trela ya dakika mbili, unaondoka. Anayefuata ameshasimama nyuma yako.

Sitasema uongo, soko lile lilinisaidia sana. Filamu yangu ya kwanza niliiuza kwa mkono, kwenye flashi, kwa wale jamaa wa stendi wanaowajazia watu muvi kwenye simu. Baada ya wiki mbili kila simu hapa Mbinga ilikuwa nayo na karibu hakuna aliyeinunua. Mwalimu mmoja wa Kigonsera alinipongeza kwa kazi nzuri. Aliipata kwa mpwa wake, na mpwa aliipata kwa dereva wa bodaboda. Nilicheka naye, halafu nikaenda kulia nyumbani.

Kule sokoni ndiko nilikojifunza kwamba filamu haiuzwi mara moja ikaisha. Huyu anachukua haki ya televisheni, yule ya mtandao, mwingine anataka nchi tatu tu kwa miaka miwili, na filamu inabaki yako, kama shamba unalokodisha kwa msimu. Mtu kama mimi, asiye na kampuni nyuma yake, angeandika barua pepe mwaka mzima asipate hata mmoja wa kumjibu. Pale wote wako chini ya paa moja na wamekuja kusikiliza.

Hapo ndipo nilipompata Judi. Yeye ni wakala wa mauzo, kazi yake ni kuzunguka na filamu zetu kutoka meza hadi meza na kutusaidia kuelewa mikataba. Ni mpole, hakatizi mtu akiongea. Alitazama trela yangu mara moja akasema, "Dada, hicho kipande cha mwisho ndicho kitakachoiuza."

Kipande cha mwisho ni kaburi.

Filamu inahusu mzee ambaye watoto wake wanamzika angali hai ili wagawane shamba. Nilitaka kila kitu kiwe cha kweli, na huo ndio ugonjwa wangu. Wanaume wanne wa Mbaha, ambao ndio huchimba kwenye kila msiba wa kijiji, waliniuliza kama futi mbili zinatosha. Nikasema chimbeni kaburi. Wakauliza kipimo. Nikasema pimeni mnavyopima siku zote. Walitazamana, kisha mmoja akaenda kukata tete, akamlaza Mzee Otmari kwenye mkeka, akampima kutoka kisigino hadi utosini. Mzee alikuwa anacheka. Mkewe aliingia ndani na hakutoka mpaka tulipoondoka.

Kule ziwani, na hata huku kwetu juu, kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Ikitokea marehemu amezikwa mahali pengine, unazikwa mgomba badala yake, kwa heshima zote, ndipo udongo unarudishwa. Wachimbaji wale walinikumbusha. Mmoja wao alisema, "Dada, hatuwezi kuliacha hivi, tutafute mgomba kwanza." Lakini mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani, gari lilikuwa linanguruma, na njia ya Litumbandyosi ikishalowa ni kazi. Nikawaambia wafukie tu, hii ni filamu.

Ni mimi niliyesema hivyo. Nisimsingizie mtu.

Pale sokoni mnunuzi mmoja kutoka nje, wa mtandao wa kuonyesha filamu, aliiangalia ile trela mara tatu. Udongo unaanguka usoni kwa Mzee Otmari, anafumbua macho, picha inakatika. Meza nzima ilinyamaza. Siku ya mwisho ya soko nikasaini. Kipengele kimoja kinasema sitakata wala kubadilisha chochote bila idhini ya mnunuzi. Judi alinisomea polepole, akaniuliza kama nimeelewa. Nilisema nimeelewa. Wakati ule ningesema nimeelewa hata kama mkataba ungeandikwa Kichina, kwa furaha niliyokuwa nayo. Natakiwa kukabidhi filamu Ijumaa hii.

Leo Kolumba ameniambia baba yake hainuki kitandani. Miguu imevimba. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa ni moyo, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani. Tangu Jumapili hajala cha maana.

"Hataki kulala chali, dada. Anasema akilala chali udongo unamwingia puani."

Kisha akanipa ujumbe aliotumwa, neno kwa neno: "Baba anasema umtoe mle, kabla filamu haijaenda huko nje. Pale pa kufukiwa tu. Kwingine hana neno."

Ni moyo. Wagonjwa wa moyo huwa hawawezi kulala chali, nilimuuguza mama yangu, najua. Nimejiambia hivyo tangu saa nne asubuhi, na kila nikijiambia naona lile tete likipita juu ya mwili wake mzima.

Naogopa. Naandika haya waziwazi kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Nilimpigia Judi. Nilimweleza yote, tete na mgomba na ugonjwa. Alisema pole, na najua alimaanisha. Alisema atamuuliza mnunuzi, lakini nisijidanganye, bila kipande kile hakuna mkataba. Miaka sita ya kazi yangu imo mle, na sidhani kama meza nyingine itaninyamazia vile. Halafu, kwa sauti ileile ya upole, akauliza, "Hali yake ni mbaya sana? Kama ni mbaya tusichelewe. Ingefaa tupate picha zake za sasa. Watu wakijua kwamba mzee mwenyewe..."

Hakumalizia. Nikakata simu kwa hasira, bila kuaga.

Hasira yenyewe ilidumu dakika kumi hivi.

Kolumba alikuwa ameshanitumia picha ili nione hali ya mgonjwa. Mzee ameegemezwa ukutani kwa mito miwili, kashika kikombe cha bati ambacho hanywi. Dirisha liko upande wa ziwa na nusu ya uso wake inang'aa. Amekonda mno, lakini kitu cha kwanza nilichokiona si kukonda. Niliona jinsi mwanga ulivyokaa vizuri. Nikaikuza ile picha, nikaangalia macho, nikawaza kwamba hata kwenye filamu hakuwahi kutazama hivi. Na nikawaza, Mungu anisamehe, kwamba akifa wiki hii watu watasimama foleni kuiona.

Nimeituma kwa Judi. Hakuna aliyenilazimisha.

Alijibu hapohapo: "Nzuri mno. Ipo ya video?"

Sijamjibu.

Nikaona nifanye jambo moja la maana. Nimekata mgomba mmoja nyuma ya nyumba, mnene, nimeufunga kwenye shuka safi na kuuweka ukumbini. Kisha nikampigia Kolumba, nikamwambia kesho nashuka Mbaha, wale wanaume wanne wajiandae, tutalifukua lile shimo na kulifanya kama inavyotakiwa. Alipiga kelele za furaha, akamwambia baba yake palepale. Nilimsikia mzee kwa mbali, sauti imekwaruza, akisema, "Marahaba, mwanangu." Sikuwa nimemwamkia. Katika haraka yangu hata shikamoo sikumpa, akaiitikia isiyokuwepo.

Baadaye Kolumba ameandika kwamba mzee amekunywa uji nusu kikombe na amejaribu kulala. Wanaamini kwamba nimekubali kumtoa. Sikusema nimekubali. Sikusema nimekataa pia, nilisema tu nakuja, nikawaacha wafurahi.

Nyumba ina harufu ya mgomba mbichi. Nimepita pale ukumbini mara mbili na mara zote mbili nimetembea nikiambaa ukuta.

Kesho nikifika nitakaa kwenye ukingo wa kitanda chake na kumweleza ukweli wote: kwamba nimesaini, kwamba mle alimo sina tena ruhusa ya kumtoa, na kwamba nitamwomba mnunuzi hata kwa magoti, akikataa nivunje mkataba. Nimeandika hilo hapa hadharani ili nisipate pa kukimbilia.

Ila naijua nafsi yangu. Betri zote mbili za kamera ziko kwenye chaji tangu saa kumi na moja, na aliyezichomeka ni mimi.