Dada Foibe, Miguu Imepata Moto

Dada Foibe,

Shikamoo huko uliko. Najua ungesema, "Acha shikamoo zako, mgonjwa anaendeleaje?" Basi subiri nikueleze.

Tangu tukuzike, wodi yetu imepoa. Birika lako la chai lipo palepale dirishani, hakuna anayethubutu kuligusa. Wanafunzi wa uuguzi nawafundisha mimi sasa, mimi uliyekuwa ukinitania: "Mndamba wewe, samaki unamjua kwa jicho; mgonjwa mjue kwa mguu." Nikiwaambia wanacheka. Mimi nafunua shuka, nawaonyesha nyayo.

Wiki hii tuliletewa binti kutoka Mofu, ametoka kujifungua, homa ya uzazi imeingia kwenye damu. Nikaanza na miguu. Baridi, damu haifiki! Maji tulimpa mpaka basi, presha haipandi. Daktari akaagiza adrenalini, ile ya kupandisha presha, kwenye dripu. Shida yetu unaijua: mashine ya kupimia dripu hatuna, matone tunayahesabu kwa macho, na ndugu wakiona yanadondoka polepole wanadhani tunambania mgonjwa wao. Ukigeuka tu, wameifungulia. Na dawa ile ikikimbia, moyo nao unakimbia mpaka unachoka.

Nikafanya ulivyokuwa ukifanya. Nikamkalisha bibi yake kando ya kitanda, nikamwambia maneno yako: "Bibi, mlinzi ni wewe. Kigurudumu hiki cha dripu asikiguse mtu, hata mimi."

Weee! Presha ilipopanda nikanyoosha mkono kupunguza matone, akanichapa. "Si umesema hata wewe?" Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi tu. Maana kwenye kitanda hichohicho nililinda dripu yako, dada. Dawa ileile. Sikubanduka. Miguu yako niliisugua kwa mikono yangu hii, ikakataa kupata moto. Inaniuma bado, nisikufiche.

Asubuhi ya leo tumeiondoa adrenalini. Bibi akafunua shuka, akaushika mkono wangu uleule aliouchapa, akauweka kwenye nyayo za mjukuu wake. Zina moto, dada! Kichanga kimelala kifuani pa mama yake.

Pumzika, mtani wangu Mpogoro. Kila atakayeletwa nitaanza na miguu, na mlinzi nitamkalisha, hata akinichapa. Birika lako nimelishusha dirishani leo. Nimemchemshia bibi chai.

Mdogo wako,
Tabia