Sahani Iliyotua Nzima

Mwenzangu, Shangazi amemgomea Mwenyekiti wa klabu mbele ya wanachama wote.

Kwenye gofu walitoka sare, hivyo kombe likaachiwa shabaha ya mwisho: sahani moja ya udongo kwa kila mmoja, irushwe hewani naye aipige kwa bunduki. Shangazi akaivunja yake. Ya Mwenyekiti ikatua nyasini ikiwa nzima, kama ilivyotoka kiwandani.

Naye akasema, "Narudia." Narudia! Eti kwenye gofu marafiki huruhusiana kurudia pigo.

Watu wazima wakakagua viatu vyao.

Shangazi akaiokota sahani, akamwekea mezani. "Hii haina urafiki na mtu, Mwenyekiti."

"Mama, nitakufuta uanachama."

"Nifute, baba. Kombe naondoka nalo."

Nakuandikia kutoka garini, nimelipakata. Hakuna aliyethubutu kutufuata.