Kikopo cha Dunga Ambacho Hatukukisaini

Kisumu, Jumapili baada ya kanisa

Mjomba,

Kwanza habari za nyumbani. Mama amehamishia redio yako jikoni, na anaifungulia kwa sauti ya juu ileile uliyokuwa ukimgombeza kwa ajili yake. Baiskeli yako nimeipaka mafuta. Simu yako iko kwenye droo yangu. Sijaweza kuiwasha.

Mchezo wetu sikuugusa kwa muda mrefu baada ya kukuzika. Watu hawakuelewa kamwe kwa nini mzee aliyestaafu upimaji ardhi anaingia vichakani na mpwa wake, simu mkononi, kutafuta vikopo vilivyofichwa na watu tusiowajua, tusaini karatasi iliyo ndani, tukirudishe kikopo mahali pake, tujisajili kwenye tovuti ya mchezo kuwa tumekipata, na kwenda zetu tukiwa na furaha. Wewe ulisema tu, "Ni kazi yangu ya zamani, ila hapa hakuna anayegombania mpaka."

Mwezi uliopita niliweka kwenye kompyuta programu ya kupekua vikopo nilivyowahi kupata. Unachukua orodha yako kutoka kwenye tovuti, unaandika neno, inakuletea. Niliandika "nyuki," ikaleta kile cha Maseno, siku uliyokimbia ukaacha kofia. Niliandika "mvua," ikaleta vinne. Niliandika "Mjomba"... nikaifunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo. Vilikuwa vingi mno.

Kesho yake nilitoa shajara zangu nikalinganisha siku kwa siku. Unanijua; si bure uliniita Karani. Vyote vilikubaliana isipokuwa kimoja, cha mwisho kabisa, ambacho programu haikuwa nacho. Shajara inasema: "Jumamosi, Dunga, kando ya ziwa. Tumekipata chini ya jiwe. Kalamu imekauka. Mjomba amekataa tujisajili."

Nilikubembeleza sana siku ile. Tumekishika kwa mikono yetu, nikasema, tupige picha yatosha. "Karani, bila sahihi hatujafika." Yule mama anayekaanga samaki akapaza sauti, "Mzee, unatafuta nini kwa hayo mawe? Meno?" Nawe ukamjibu, "Meno ninayo, mama. Nimekosa kalamu tu." Tukasema tutarudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata kukawa na matanga, kisha mvua, kisha ugonjwa wako.

Jana nilikwenda na kalamu mbili. Ziwa limepanda, Mjomba. Pale tuliposimama sasa ni maji. Niliogopa, kwa sababu kama kikopo kimebebwa, basi safari yetu ya mwisho ingebaki hivyo hivyo, haijafika popote. Nikavua viatu, nikaingia. Jiwe lilikuwepo, juu kidogo ya maji. Nikapapasa chini yake, nikakipata.

Karatasi ilikuwa kavu. Mstari wa mwisho ulikuwa mwandiko wako, zile herufi za ramani: jina lako, tarehe ya wiki tatu kabla hujalazwa, na maneno matatu. "Karani yuko njiani."

Ulifikaje huko peke yako na ule mguu wako mbovu? Na hukuniambia! Nimeangalia ukurasa wako kwenye tovuti. Hukujisajili. Ulikuwa unaningoja.

Nililia, ndiyo. Yule mama aliniona nimesimama majini akauliza, "Na wewe umepoteza nini? Yule mzee wa kalamu yuko wapi?" Nikamwambia. Akaweka mwiko chini, akanishikia viatu mpaka nilipomaliza kuandika.

Niliandika chini ya jina lako: "Karani amefika."

Leo nimejisajili kwenye tovuti, nikachukua orodha upya, nikaandika "Dunga" kwenye programu, na kikopo chetu kimetokea. Nilitaka kuwasha simu yako nikusajili na wewe, halafu nikaacha. Sahihi yako iko chini ya jiwe. Wewe mwenyewe ungesema inatosha.

Pumzika, Mjomba. Nitaendelea kutafuta, na kalamu zitakuwa mbili daima, yangu na yako. Na sitasema nimefika mahali ambapo sijasaini.

Oriti, kwaheri, Mjomba wangu.

Karani wako