Kuni Mbichi za Iyunga

Mbalizi

Mjukuu wangu Tumaini,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Bibi yako mguu umepona, na viazi tumeshavuna. Umeniuliza kwa nini mafundi wa karakana yako hawakuambii kitu mpaka kiharibike.

Miaka ya hamsini, nikiwa kijana, nilisimamia watu wanne waliochoma matofali pale Iyunga. Sekela, aliyepanga tanuru, aliniambia, "Kaka, kuni hizi bado mbichi."

Nikamjibu, "Msimamizi ni nani hapa?"

Akamalizia kupanga, tukawasha. Tulipofungua tanuru, matofali hayakuiva, yalimegeka mkononi.

Mwenye kazi alikuja amefura kwa hasira. "Nani kafanya hivi?"

Wote wakatazama chini. Nilitaka kusingizia mvua, lakini aibu ikanishika. Nikasema, "Ni mimi. Sekela alinionya, sikumsikia." Mwenye kazi alinikaripia mbele yao, nikavumilia.

Kesho yake tulianza upya. Nilikuwa nakanyaga udongo huku nikiumwagia maji kwa ndoo wakati Ambokile, mmoja wa wale wanne, mtu mzima ambaye hakuwahi kunisemesha, aliponisogelea.

"Kaka, samahani. Huo udongo umeuzidishia maji."

Nikaweka ndoo chini, nikamwuliza tufanyeje.

Mungu akuongoze katika kazi yako.

Babu yako