Moyo Umerudi, Mguu Bado

Kabambare, 9 Juni 1953

Mpendwa yaya Régina, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu nyumbani. Hujambo wewe? Na shemeji Théophile, na kazi yake ya uuguzi huko hospitali ya Kasongo? Mama hajambo, Odile mke wangu hajambo, watoto wanacheza. Mimi, yaya, sijambo ya mdomo tu.

Ulisikia walivyonifunga buloko kwa shamba la pamba la lazima lisilopaliliwa. Mimi fundi cherehani, pamba naijua ikiwa nguo! Tangu kutoka, nikisikia gari la Serikali tu, moyo mbio, pumzi inakatika, vidole vya mikono yote miwili ganzi. Gari likishapita nakunywa maji, yanaisha. Huo ulikuwa woga, sikatai.

Lakini mguu wa kuume nao ukaanza kuburuta. Munganga wa zahanati ya hapa hata hakuugusa. "Mutu muzima, iko woga tu!" Akaita mgonjwa mwingine.

Basi baba mdogo Célestin akasema moyo wangu ulibaki buloko, na moyo huitwa pale ulipobaki. Tukaenda na kuku mweupe. Wazee wakaliita jina langu mlangoni, askari wanacheka mpaka kofia zinaanguka. Na ajabu, yaya, moyo ulirudi! Nalala vizuri. Gari linapita, mimi nashona. Mama akapiga vigelegele, kuku akaliwa.

Mguu haukurudi.

Juzi kwenye harusi ya Roger nilikuwa nacheza kwa furaha kabisa, watu wakapiga kelele, "Gaston, ndara yako!" Kumbe imebaki nyuma, nami sina habari. Jana kaa la pasi liliniangukia vidoleni mwa mguu huohuo. Nilisikia harufu kabla ya kusikia moto. Hapo hapakuwa na gari wala askari. Woga gani huo wa mguu mmoja, unaonijia nikicheka?

Nikisema, wananijibu, "Si ulipona? Usitutukanie wazee." Odile peke yake ananiamini, naye analia kichinichini. Yaya, nimefika mahali pa kuomba woga urudi, walau nipate cha kusingizia. Mguu huu ndio unaoendesha cherehani. Ukifa, watoto watakula nini?

Munganga hataki kunipa karatasi ya kuja Kasongo, na bila karatasi sisafiri. Nakusihi, nakupigia magoti: shemeji aongee na daktari wake aniite. Habari za buloko asizitangulize. Akizisikia tu, naye atasema woga.

Nisalimie mama mkwe wako, na binti yako, mwanangu Louise. Gauni lake nimempa dereva wa lori. Kabla hajalivaa, daktari alitazame. Mabega niliyashona zamani, yamenyooka. Upindo ni wa wiki hii, mshono unayumba, halafu unakatika. Sikuweza zaidi. Umalizie wewe kwa mkono, yaya.

Mungu awafunike nyote, nami anikumbuke.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Gaston